Bwana Kimya

Kasuku alikuwa ameacha pengo. Hilo alilijua vizuri, maana mwenyewe ndiye aliyelipima asubuhi ile: mwanamke wa kwenye picha anafungua mdomo, anasema ya kwake, anafumba, na hapo Kasuku hakuweka kitu kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsemea. Sasa alirudisha filamu nyuma ili asikilize kazi yake, na pengo halikuwepo. Palikuwa na sauti.

"Nifungulie, mume wangu. Huku nje kuna baridi."

Alivua hedifoni, akaukagua waya wake kama mtu anayetafuta mdudu kwenye shuka. Akavaa tena, akarudisha nyuma tena. "Nifungulie, mume wangu." Ilikuwa sauti ya mkewe. Na mkewe alikuwa amezikwa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutupa udongo.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kutafsiri filamu. Si kwa kuandika maneno chini ya picha, la. Watu wa banda la video hawaendi pale kusoma. Yeye alizisemea. Alikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, ambacho kuta zake alizifunika kwa magodoro ya zamani na dirisha akaliziba kwa mbao ili kelele za mtaa zisipenye, na kila aliyefungua mdomo kule kwenye picha, Kasuku alifungua mdomo huku. Mzee, mlevi, hakimu, hata farasi. Chumvi haikuwahi kumwishia: asipoelewa alichosema koboi humtungia la kusema, na mara nyingi la kutunga lilikuwa tamu kuliko la kwao. Ndiyo maana wakamwita Kasuku, ingawa kasuku wa kweli hurudia alichosikia, na huyu wetu alirudia hata ambacho hakikusemwa.

Wanawake walisemewa na mkewe. Mama Chiriku hakuwa na mafunzo yoyote, ila akishika kipaza sauti ungeapa amezaliwa jangwani na amezika waume watatu. Kabla ya kuanza alitafuna kipande cha tangawizi mbichi ili koo lifunguke, na kwa miaka yote ile kipaza sauti chenyewe kilinuka tangawizi. Alipokuwa akilia kwenye picha, watu walilia bandani. Alipokuwa akicheka, mumewe alisahau zamu yake ya kusema.

Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa zile filamu za makoboi wanyonya damu. Waliozitengeneza hawakuwa na kitu, na hilo halikufichika. Farasi walikuwa wawili tu, na yule mwekundu wa filamu ya kwanza alipakwa chokaa akawa mweupe wa filamu ya pili. Meno ya mnyonya damu yalimdondoka katikati ya mazungumzo, akainama, akayaokota mchangani, akayarudisha, na kamera ikaendelea kumtazama kwa heshima zote. Damu ilikuwa jamu. Lakini bastola na majeneza katika picha moja, nani angekataa? Watu walicheka mpaka mbavu zikauma, na bado wakirudi nyumbani waliangalia nyuma.

Filamu zote hizo zilikuwa na sheria moja, hata watoto waliijua. Mnyonya damu haingii nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe. Atabisha, ataomba, atalia. Asipoambiwa "karibu" na mwenye nyumba, atabaki nje hadi jua limkute.

Filamu hii aliyokuwa nayo Kasuku waliianza wawili. Mke wa koboi anang'atwa shingoni na mnyonya damu picha ikifika katikati, anazikwa, kisha anarudi mlangoni kwa mumewe na mtoto. Mama Chiriku aliisemea hadi pale mke wa koboi anapozikwa, akashikwa na homa. "Tutamalizia nikipata nafuu," alisema, akaenda kulala. Nafuu haikuja. Mwenye banda alifika akasema pole, akafika tena akasema pole, na mara iliyofuata akasema, "Kaka, pole hazifungui banda. Ile ya koboi na mkewe imefikia wapi?"

Basi Kasuku akakaa aimalize. Na hapo ndipo alipokosea.

Pale mlangoni koboi anasimama na bunduki, mtoto nyuma yake, machozi yanamtiririka hadi kwenye masharubu ya bandia. Anasema, na Kasuku alimwelewa vizuri safari hii: wewe si mke wangu, sikufungulii. Midomo ya koboi ilisema hivyo. Kasuku aliitazama, akamtazama yule mwanamke aliyesimama nje na nguo yake ya kuzikiwa, na mdomo wake yeye Kasuku ukasema: "Karibu, mke wangu. Nyumba ni yako."

Alijua amesema uongo. Alijiambia atarekebisha kesho, na kesho hakurekebisha, kwa sababu alipoisikiliza ndipo alipoikuta ile sauti ndani ya pengo. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na hawakuwahi hata kukutana na Kasuku.

Hakumwambia mtu. Mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa wapi. Alijifungia mle ndani, akawa anauliza jambo kwenye kipaza sauti, ananyamaza kidogo ili kuacha nafasi, kisha anarudisha nyuma na kusikiliza, na kila nafasi aliyoacha aliikuta imejazwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mume wangu. Nimevuka bonde lote kukufuata."

"Unaumwa bado?"

"Kidonda kimepona. Usiniache peke yangu tena."

Alilia kwa furaha siku nzima. Ilimchukua muda kugundua kwamba maneno yale aliyafahamu. Lile la bonde lilikuwa la mke wa mhubiri, filamu ya mwaka uliopita. Lile la kidonda lilikuwa la yule mama wa baa aliyepigwa risasi ya bega. Hapakuwa na hata neno moja ambalo mkewe hakuwahi kulisema kwenye kipaza sauti kile kile. Na jambo jingine: Mama Chiriku hakuwahi katika maisha yake kumwita "mume wangu". Nyumbani alimwita Bwana Kimya, kwa kuwa mtu aliyeshinda akisema kwa midomo ishirini alifika mezani bila hata mmoja. "Bwana Kimya, nipitishie chumvi." "Chiriku, mwulize Bwana Kimya kama leo ana ulimi." Jina hilo lilikuwa la watu watatu na meza moja.

Akauliza, "Nyumbani uliniitaje?"

Akaacha nafasi, akarudisha nyuma. Palisikika pumzi, ndefu, kama ya mtu anayepekua. Kisha: "Mpenzi, farasi wako yuko wapi?"

Kasuku alicheka. Halafu kicheko kikageuka kilio, akaweka uso kwenye godoro la ukutani ili binti yake asimsikie. Harufu ya tangawizi ilikuwa imerudi chumbani, mpya kabisa. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya misumari iliyoloa, lakini hiyo aliamua kutoinusa.

Chiriku alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na jina la utani alipewa kwa haki. Aliamka akiongea na alilala katikati ya sentensi. Tangu mama yake afe aliongea zaidi, kana kwamba akinyamaza nyumba itamwangukia. Huyo hafichwi kitu. Siku moja aliporudi kutoka shuleni alisukuma mlango wa chumba cha sauti uliosahauliwa kufungwa, akamkuta baba yake ameinama, hedifoni ziko mezani, na katika hedifoni hizo sauti ndogo inasema, "Njoo karibu na moto."

"Baba," akanong'ona. "Huyo ni mama."

Baba mwingine angezima mashine. Kasuku alimtazama mtoto wake, jinsi kidevu kilivyokuwa kikimtetemeka, na moyo wake haukuweza. Akamkalisha kwenye kiti cha mama yake, akamvalisha hedifoni. Akamwonyesha jinsi ya kuacha nafasi.

Tangu hapo kila alasiri Chiriku alitupa begi na kukimbilia mle. Alimweleza mama yake kila kitu: mwalimu aliyeketi kwenye chaki, paka wa jirani aliyezaa ndani ya ndoo, shangazi aliyeunguza wali akasingizia jiko. Kasuku aliketi nje ya mlango na kikombe cha chai, akasikia nyumba yake inaongea tena. Alikuwa na furaha, tusimsingizie. Na mle ndani, kidogo kidogo, ile sauti ikaacha kusema maneno ya sinema. Ikaanza kuuliza kama paka wamefumbua macho. Ikaanza kusema "shangazi yako" na "ndoo ya bluu". Kasuku aliposikia akasema moyoni, anarudi. Mke wangu anarudi.

Wa kwanza kuona ni dada yake, yule shangazi mwenyewe, fundi wa kushona ambaye alifunga cherehani kila jioni na kuja kuwapikia. Alikuwa akimsuka mtoto, akaacha.

"Mdogo wangu, huyu mtoto ana nini?"

"Ana nini? Amekua tu, dada."

"Amekua kati ya jana na leo? Nimemsuka kichwa kizima hajasema hata 'unaniumiza'. Mimi Chiriku humsuka nikiwa nimeziba sikio moja."

Usiku ule mezani Chiriku alinyoosha kidole kwenye kijiko. "Nipe… nipe ile," akasema. Baba yake akacheka, akamwambia, sema jina lake. Chiriku alifungua mdomo, akafikiri, akakunja uso. Hakuwa na neno lile. Keshoye paka wa jirani alipita dirishani na watoto wake, naye akawatazama na kuonyesha kwa mkono, midomo ikifanya umbo bila kutoa kitu. Kasuku alimpima homa kwa kiganja, akasema ni uchovu wa shule.

Siku iliyofuata akaingia chumbani peke yake. Alivaa hedifoni, akasema, "Mama Chiriku, nina wasiwasi na mtoto." Akaacha nafasi, akarudisha nyuma, na ile sauti ikamjibu kwa uchangamfu, kwa kicheko kile kile cha mezani.

"Bwana Kimya, leo una ulimi?"

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Alikuwa amelingojea jina hilo kama mgonjwa anavyongoja asubuhi. Halafu, kabla hata machozi hayajafika machoni, akajiuliza limetoka wapi, kwa kuwa yeye hakuwahi kulitamka mle ndani, na mkewe hakuwahi kulisema kwenye kipaza sauti, na duniani kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyelijua, na mtu huyo aliketi kwenye kiti hiki kila alasiri na kueleza kila alichonacho. Na akakumbuka kijiko, akakumbuka paka, akakumbuka kwamba kila neno lililompotea binti yake alikuwa amelisikia hapa, katika masikio haya, kwa sauti ya tangawizi, siku ile ile au iliyotangulia. Alitupa hedifoni na kuita, "Chiriku!" akakimbia jikoni, akakimbia uani, akaita hadi majirani wakatoa vichwa, na hakuna aliyeitika, na aliporudi chumbani akihema ndipo alipomwona, chini ya meza ya kipaza sauti, alipokuwa amekaa muda wote miguuni pake, magoti kifuani, midomo ikienda mbio mbio kama mtu anayesimulia habari nzuri, na hakuna hata punje ya sauti iliyotoka.

"Nani mwingine amesikia?" shangazi alinong'ona alipofika, akifunga mlango nyuma yake.

"Hakuna."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, dada."

"Ukamwachia mtoto." Alimkumbatia Chiriku, akamtazama mdogo wake juu ya kichwa cha mtoto, na Kasuku aliona afadhali angemtukana.

Mganga aliyeletwa na shangazi alikuwa mama mnene mwenye mafua makali. Hakuja na manyoya wala vibuyu. Alikuja na leso, na mara kwa mara alipiga chafya na kuomba radhi. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha sauti bila kuingia, akanusa kadiri pua ilivyomruhusu.

"Tangawizi," akasema. "Na chini yake chuma. Mmekaa naye muda gani?"

"Ni mke wangu," Kasuku akasema kwa sauti ndogo.

"Si mke wako, baba. Mke wako amelala alipolala, na mwache apumzike. Hawa ni majini wa milangoni. Hawana sauti yao. Huzunguka nyumba za wafiwa, wakiokota yaliyoachwa. Huyu aliokota ya mama, akaimaliza, sasa anakula ya mtoto. Hanywi damu, angekunywa damu mngemwona mapema." Akapenga kamasi. "Swali langu ni moja. Aliingiaje?"

Kasuku alitazama sakafu. Akamweleza habari ya koboi, na maneno aliyotakiwa kusema, na maneno aliyosema.

Mganga alishusha pumzi ndefu. "Basi mimi kazi yangu ndogo. Mimi huwatoa walioingia kwa nguvu. Mgeni aliyeambiwa karibu na mwenye nyumba, nitamfukuza mimi kama nani? Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini anayempa jembe ni mwenyeji, si mpita njia."

"Niambie la kufanya."

"Rudi pale pale ulipomkaribisha. Sema alichosema yule wa kwenye picha. Usitie chumvi. Mlango wa mbele tutauacha wazi awe na pa kupita, na akishatoka, ufungwe. Atakuomba. Ataomba vizuri sana, maana ana maneno mazuri, mmempa wenyewe." Akasita, na kwa mara ya kwanza akamtazama kwa huruma. "Na jambo jingine ulijue sasa, usije kunilaumu. Akitoka, atatoka na ile sauti aliyokuja nayo. Zile filamu zako zote. Sauti ya marehemu hutaipata tena popote."

Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja. Kasuku aliuliza kama angeweza kusikiliza mara moja tu, filamu moja ya zamani, yoyote, ile ya mke wa mhubiri.

"Mtoto bado anapumua kwa sauti?" mganga akauliza.

Wote walimgeukia Chiriku. Alikuwa akilia kwenye gauni la shangazi yake, mabega yanapanda na kushuka, na kilio chenyewe hakikusikika kabisa. Kasuku akavua viatu, akaingia.

Ilikuwa mchana, watu walikuwa sokoni, lakini chumba kile hakikujua saa. Alimpakata Chiriku mapajani kwa sababu mtoto alikataa kuachwa. Akawasha picha. Koboi alisimama na bunduki yake ya mbao. Nje ya mlango wa mbao, mke wa koboi alifungua mdomo, na sauti haikungoja kurudishwa nyuma tena. Ilitoka kwenye hedifoni zilizolala mezani, ikajaza magodoro.

"Bwana Kimya. Unanifukuza?"

Kasuku alifungua mdomo. Mdomo uliokuwa hauishiwi chumvi ulikauka.

"Nani atakupitishia chumvi? Nani atamwuliza Chiriku habari za paka? Nilikuwa na homa, Bwana Kimya, nikasema nitamalizia nikipata nafuu. Nimepata nafuu. Nimekuja kumalizia."

"Wewe…" akaanza. Chiriku aliishika mikono yake, mmoja kwa mmoja, akaiweka juu ya tumbo lake mwenyewe na kuibana. Mkono wa mtoto ulikuwa na joto, na lile joto ndilo lililomsaidia. "Wewe si mke wangu," Kasuku akasema kwenye kipaza sauti. "Sikufungulii. Toka."

Hedifoni zilinyamaza. Kisha kitu kilipita kati ya kiti na ukuta, karibu kiasi cha kuwagusa nywele, tangawizi na misumari, kikaingia koridoni, na wakasikia shangazi akilia "Yallah!" na mganga akimwambia kaa hapo hapo, na vikombe kabatini vikagongana kimoja baada ya kingine kuelekea mbele, na mlango wa mbele ukajifunga kwa kishindo kilichoangusha chokaa, na baada ya kishindo kile pakawa kimya ambacho Kasuku alitaka kukiamini kuliko kitu chochote, mpaka hodi ilipobishwa, taratibu, chini ya mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto hufika.

"Baba? Baba, ni mimi. Mbona umenifungia nje?"

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Uchangamfu wake, haraka yake, ile tabia ya kumeza mwisho wa neno. "Baba, umebaki na nani humo? Huyo haongei, baba, mwangalie, huyo si mimi. Mimi ndiye ninayeongea. Nifungulie, kuna baridi."

Kasuku alikuwa amefika sebuleni bila kujua jinsi alivyofika, Chiriku amemng'ang'ania shingoni. Akamtazama mtoto mikononi mwake: bubu, macho makavu sasa, yamemkodolea. Akausikia ule mlango. Mzazi hana sikio la kupuuza sauti ile. Ameumbwa kuamka nayo usingizini. Mkono wake ulikwenda kwenye kitasa wenyewe.

Chiriku aliyekuwa mikononi akatikisa kichwa. Mara moja tu.

"Wewe si mwanangu," Kasuku akauambia mlango, na akalia kwa nguvu akisema, kama anayemzika mtu mwingine. "Sikufungulii. Sikufungulii."

Nje palisikika kilio kirefu, cha mama na cha mtoto kwa pamoja, kikarudi nyuma, kikapungua, kikaisha. Mganga alipiga chafya. Na Chiriku, uso wake ukiwa shingoni mwa baba yake, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Unaniumiza."

Maneno yalirudi moja moja. Kijiko, ndoo, paka. Shangazi aliacha kuziba sikio moja. Alimsuka mtoto akimwomba aseme tena, aseme zaidi.

Mwenye banda alikuja kabla ya juma kuisha, hajui pa kuanzia. "Kaka, wanawake wote wamekuwa mabubu. Filamu zote, hata zile za zamani. Wanafungua mdomo, hakuna kitu. Watu wanadhani spika zangu zimekufa." Kasuku alimwambia atazirekebisha. Akawasemea mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya puani, wajane na mama wa baa na mke wa mhubiri, na banda likacheka sana, likasema Kasuku safari hii katia fora. Alikuwa ameketi nyuma kabisa. Hakuna aliyemwona.

Mganga alikuwa amewaachia sharti moja. Jini yule hatakwenda mbali. Aliyewahi kukaribishwa hulikumbuka jina la nyumba. Kwa hiyo neno "karibu" lisitamkwe tena humo, hata kwa mgeni wanayemjua. Mtu akibisha hodi, Chiriku huenda dirishani, huangalia, hufungua bila neno. Majirani walisema msiba umewapa kiburi. Wengine waliacha kuja.

Jioni moja walikuwa wakila, wawili, na ukimya wa meza ukamlemea Kasuku. Akatabasamu. "Chiriku, mama alikuwa akiniitaje hapa mezani?"

Chiriku alicheka kabla ya kujibu. Akafungua mdomo. Akabaki hivyo.

"Nalijua, baba. Subiri." Alikunja uso, akapekua kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko. "Nalijua kabisa. Lilikuwa linachekesha." Machozi yakaanza kumlengalenga machoni. "Lilikuwa linachekesha sana, si ndiyo?"

"Sana," Kasuku akasema.

Angeweza kumfundisha. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini jina kama lile mtu hajiiti mwenyewe, wala hamfundishi mwanawe amwite, na isitoshe aliogopa kulitoa kinywani, lisije likachukuliwa tena mara ya pili. Akamfuta mtoto machozi, akamwambia ale, chakula kinapoa.

Ndipo harufu ya tangawizi ilipoingia chini ya mlango. Kijiko cha Chiriku kilisimama hewani.

"Hodi," ikasema sauti, kwa upole, kama ya mtu aliyetoka safari na hataki kusumbua. "Hodi humu ndani. Bwana Kimya, upo?"

Chiriku alimtazama baba yake, na kwenye uso wake Kasuku aliona kwamba jina lile halikumwambia mtoto kitu tena. Akaweka kiganja mdomoni mwake mwenyewe na kukibana, na kwa mkono mwingine akamvuta binti yake karibu. Hakujibu. Duniani kote alikuwa amebaki mmoja tu wa kumwita hivyo, naye alikuwa pale nje ya mlango, anangoja, na huko nje kulikuwa na baridi.